Almasi Ndani ya Nta ya Kanisa

Kwa!

Mfuniko wa kopo ulianguka gizani, kisha ukaokotwa upesi, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Jogoo alikuwa bado hajawika. Nikasikia vidole vikipapasa bati, halafu mlango wa nyuma ukalia. Nikasema moyoni, ni Mama mkwe huyo, anatafuta chumvi. Nikamvuta mwanangu Isabela kifuani, nikalala tena.

Ningeinuka, jamani! Kutoka kitandani hadi kwenye lile kopo ni hatua nne. Hatua nne tu, na leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, nasema kwa ufupi. Mimi ni Julia, Mama Isabela, mkazi wa Lisekese hapa Masasi. Mume wangu Cuthbert ni sonara. Kabla ya Krismasi tindikali ilimuunguza mkono wa kulia, akalazwa hospitali, mkono umeviringishwa vitambaa kama kichanga. Hakuwa na siku tatu huko, akaja rafiki yake wa ujana, Bwana Mahmudu, karani wa baraza kule Newala. Alileta hereni moja yenye jiwe. Almasi.

Marehemu mama yake alikuwa yaya kwa bibi mmoja wa Kigiriki kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi. Yule bibi alipoondoka nchini alimwachia hereni ile, moja tu, ya pili ilikwisha potea. Mahmudu alitaka jiwe lake liwe pete ya uchumba ya Somoe, binti anayemposa.

Sikumwambia kwamba fundi hawezi kushika hata kijiko. Nilisema, "Baba Isabela anatoka kesho kutwa, shemeji. Tuachie." Miaka mitano nimekaa kando ya Cuthbert nikimvutia mifuo ya kupulizia moto, nikimshikia koleo, nikimchorea mapambo. Niliamini mikono yangu inaweza. Hata sasa naamini.

Lakini karani ni karani. Alitaka karatasi. Nami, mwanafunzi wa darasa la jioni la akina mama, nikaona fahari kuandika: Nimepokea kwa Bwana Mahmudu almasi moja, nzima, isiyo na ufa. Chini yake nikatia jina la Cuthbert, kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu angeuona mwandiko ule angeusifu.

Nikapanda lori hadi Newala kupima kidole. Somoe alinipa mkono akicheka.

"Dada, kidole changu kina fundo kama muwa. Ni ndoo hizi. Tunashuka bondeni na giza, tunapanda na jua."

Alisema kweli. Pete ya kupita kwenye fundo ingezungukazunguka ikifika chini, na ya kukaa vizuri chini isingepita juu. Basi nikabuni pete isiyofungika nyuma, yenye mwanya mwembamba, iweze kutanuka kidogo na kurudi. Jiwe nikalizamisha, lizungukwe na ukingo wa fedha, lisikwaruzwe na ndoo wala lisinase kwenye khanga.

Bibi yake, mzaa mama, mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, mdomoni na nembo za chale uso mzima, alikuwa akinitazama ninavyochora kwenye daftari.

"Pete kabla ya ndoa ni ya nini? Huyo karani anaogopa mjukuu wangu atatoroka?"

"Ndiyo mambo ya siku hizi, bibi."

"Haya. Basi nichore na mimi. Nikienda zangu, abaki na uso wangu kidoleni."

Nikauchora. Mistari yenye pembe, pembe ndani ya pembe, kutoka shavuni hadi kwenye paji. Ndiyo ikawa mapambo ya ukingo wa pete.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Pete kama ile huchongwa kwanza kwa nta, ikavikwa udongo, ikachomwa, nta ikayeyuka na kutoka, ndipo fedha ikamiminwa kwenye nafasi iliyobaki. Mimi nta sikuwa nayo. Lakini Mama mkwe, Bibi Dorothy, alikuwa na kopo zima, nta ya mizinga aliyoikusanya nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mishumaa ya kanisa, sikukuu ile ya mwanzo wa Februari. Nikakata kipande bila kumwambia. Nilijiambia nitarudisha. Naungama hapa mbele yenu: niliiba nta ya kanisa.

Nilichonga siku tatu. Jumatano jioni nikalibonyeza jiwe kwenye kiota chake nione kama linakaa. Likakaa kama lilizaliwa humo! Ila nta ilikuwa imelegea kwa joto, na ningelitoa jiwe wakati ule ningeharibu nembo zote. Nyumbani kwetu penye baridi ni mahali pamoja tu, lile kopo la nta, ambalo Mama mkwe amelizika nusu kwenye mchanga chini ya mtungi wa maji. Nikaiweka pete humo, juu yake jani. Asubuhi nitaitoa.

Asubuhi kopo lilikuwa tupu.

"Isabela! Bibi yuko wapi?"

"Amekwenda kanisani. Amebeba kikapu."

Nilimtupa mtoto mgongoni, nikakaza khanga, nikatoka mbio bila hata kunawa uso. Mvua ya usiku ilikuwa imefanya njia utelezi. Karibu na shamba la mikorosho la jirani nikakutana naye anarudi, kikapu kitupu kichwani, anaimba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unakimbia kichwa wazi? Kuna msiba?"

"Nta, Mama! Nta iko wapi?"

"Iko kwa Mzee Kasiani, kwenye jiko la mishumaa. Mwaka huu nimekuwa wa kwanza. Mwaka jana Mama Reginald alinitangulia, akawa anatembea mle kanisani kama yeye ndiye nyuki."

"Ndani ya kopo mlikuwa na kitu."

"Kile kipete? Nilikipapasa. Nikasema, huyu mtoto sasa anachezea mpaka nta ya Bwana. Nikakifinyanga na nyingine, yote ikawa tonge moja zuri."

"Umekifinyanga?"

"Kwani vipi?"

"Si Isabela, Mama. Ni mimi. Ni pete ya Mahmudu. Na jiwe lilikuwa ndani."

Akakitua kikapu chini.

"Nta ya kanisa, Julia?"

Hajaniita Julia tangu nizae. Nikainamisha kichwa.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Sikuomba."

Nilingoja maneno makali, na nilistahili. Lakini Mama mkwe alinisukuma begani kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Sasa umesimama nini? Miguu yangu haifiki. Kimbia, mwanangu. Utatubu baadaye!"

Jiko la mishumaa liko nyuma ya kanisa, kibanda cha makuti na mafiga matatu. Mzee Kasiani alikuwa amechuchumaa mbele ya safu ya mianzi iliyosimamishwa mchangani, kila mmoja na utambi wake katikati, anapuliza.

"Mzee Kasiani, shikamoo! Usimimine!"

"Marahaba, Mama Isabela. Nisimimine nini? Nimekwisha mimina. Tazama ilivyonyooka. Padre akija hapa atasema Kasiani ameletewa mashine kutoka Ulaya."

Nikapiga magoti kwenye majivu.

"Nakuomba uipasue."

"Niipasue? Mianzi? Nta haijashika hata ngozi! Unataka nikaogee nta?"

"Mzee wangu, humo ndani mna kijiwe. Kidogo, kama punje ya mtama. Nikikikosa hicho, Baba Isabela anafungwa."

Kasiani akaacha kupuliza. Akanitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha polepole kinachotoka tumboni.

"Kijiwe! Kumbe ni ninyi! Kila mwaka yuko mtu anatia kokoto kwenye nta ili tonge lake lionekane zito mbele ya wenzake. Nilipochuja leo kikabaki kwenye kitambaa. Nikasema, hata Bibi Dorothy! Mtu wa sala asubuhi na jioni, naye anamdanganya Mungu kwa mizani!"

"Umekiona? Kiko wapi?"

"Nimekitupa humo."

Alionyesha ndoo ya maji ya kupozea mianzi. Nililia kwa furaha. Ningeweza kumbusu yule mzee kwenye upara. Nikamteremsha Isabela, nikautia mkono majini hadi kwenye kiwiko.

"Kilikuwa cha moto bado," Kasiani alisema nyuma yangu. "Kilipogusa maji kikalia ta! kama chawa kwenye ukucha."

Vidole vyangu vikagusa kitu kigumu. Nikakitoa. Kiling'aa, ndiyo, kiling'aa sana. Lakini kilikuwa nusu.

Nikarudisha mkono. Nusu ya pili ilikuwa imelala pale pale.

Isabela akasogeza kichwa chake kidogo juu ya kiganja changu, akatazama. Mzee Kasiani naye akatazama, kicheko kimemwisha.

"Mama Isabela," akauliza kwa sauti ya chini, "almasi hupasuka kwa maji ya ndoo?"

Hilo swali lilinichoma kuliko ile tindikali ilivyomchoma mume wangu. Kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Cuthbert alinifundisha mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kama mchezo wa wapenzi. Pulizia jiwe pumzi ya mdomo, alisema. Almasi haiutaki ukungu, unaondoka hapo hapo. Kioo kinakaa nao.

Nikaweka nusu moja karibu na mdomo. Haa.

Ukungu ukakaa. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ukakaa.

Nilirudi nyumbani sijui kwa njia ipi. Nikachukua tupa ya Cuthbert, ile ndogo ya chuma, nikaipitisha ubavuni mwa jiwe mara moja. Likaacha unga mweupe kwenye kidole changu.

Kioo.

Mtauliza, mbona sikulipima siku ya kwanza? Sonara hulipima jiwe mbele ya mwenyewe, ndiyo kanuni. Lakini hamkuuona uso wa Mahmudu siku ile. Alilifungua kwenye leso ya mama yake, leso bado ina harufu ya karafuu. Hajamaliza mwaka tangu amzike. Sasa mimi nichukue kitu cha marehemu, nikipulizie, nikikwaruze, mbele ya mwanawe? Kwetu huko ni kumwita maiti mwongo. Nilisema "Pole sana, shemeji," nikalipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa. Cuthbert mwenyewe angefanya vivyo hivyo.

Basi tazameni nilipofika. Karatasi inasema almasi moja, nzima, isiyo na ufa. Mkononi mwangu kuna vipande viwili vya kioo. Nani ataamini kwamba kililetwa kioo? Mahmudu atasema tumekula almasi tukamrudishia chupa. Na jina lililoandikwa chini si langu, ni la mtu aliyelala hospitali, ambaye jiwe lenyewe hajaliona kwa macho yake.

Na nikiaminiwa, je? Nitakuwa nimemwambia yatima kwamba mama yake alilea watoto wa watu miaka yote ile, akapewa kipande cha glasi.

Mama mkwe aliingia, matope hadi magotini. Nikamwonyesha. Sikuficha kitu.

Alikaa, akasugua tope kwenye ukucha.

"Mwambie kweli," akasema.

"Nikimwambia kweli, Mama, namfunga mwanao."

Niliona sala na uzazi vinapigana usoni mwake. Uzazi ukashinda.

"Basi usimwambie leo. Ngoja Cuthbert atoke. Mambo ya mawe anayajua yeye."

Hapo ndipo tumaini lilipoanza kunirudia, na tumaini langu mimi, ndugu zangu, halina haya. Nikavitia vile vipande kwenye kijiko, nikaviunganisha. Ufa ulipita katikati, mwembamba kama unywele. Nikafikiri, ukingo ukiwa mpana zaidi, nembo za bibi zikipanda juu kidogo, ufa utafichika. Mahmudu alisema atakuja Jumamosi. Leo Alhamisi. Nina kipande cha mshumaa wa zamani. Nitachonga upya, nitamimina fedha Ijumaa, Jumamosi pete itang'aa.

Nikawasha kipande kile nikilainishe. Pembe ya kwanza ikatoka vizuri, na ya pili.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ile! Kijiko nilikisukuma chini ya benchi. Nta nikaificha kwenye pindo la khanga.

"Karibuni."

Bwana Mahmudu aliingia na tabasamu, suruali ina vumbi la gunia. Nyuma yake Somoe, na nyuma ya Somoe mwanamume mpana mwenye fimbo. Mjomba wake. Wanaojua watu wa Newala wanaelewa: baba anaweza kusema ndiyo mara kumi, mjomba asipokohoa kukubali hakuna ndoa.

"Shemeji, umekonda!" Mahmudu alisema. "Mume alilazwa hospitali, na wewe unalazwa na njaa? Usishtuke, siku yetu ni Jumamosi, najua. Lori la korosho lilikuwa linakuja, na mjomba amesema hangoji."

"Vijana wa kalamu wana ahadi nyingi," mjomba alisema akikaa. "Nimeambiwa almasi, almasi. Mimi nataka kuliona jiwe kwa macho yangu. Fundi yuko wapi?"

"Bado yuko hospitali," nilisema.

Mahmudu akageuka. "Bado? Si ulisema kesho kutwa? Sasa pete anatengeneza nani?"

"Mimi."

Mjomba akaiweka fimbo magotini.

"Mwanamke?"

Nilichukua daftari, nikalifungua mbele ya Somoe. Aliinama, akatazama mwanya wa nyuma, akatazama ukingo. Ghafla akashika mdomo.

"Bibi! Mjomba, tazama, ni uso wa bibi!"

Mjomba akalivuta daftari. Alifuata mistari kwa kidole chake kinene, pembe baada ya pembe, polepole. Alipofika kwenye paji alisimama.

"Alama hii aliongezwa baada ya kunizaa mimi," akasema. Sauti haikuwa ile ya mlangoni. "Huyu ni mama yangu."

Akamtazama Mahmudu kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama jamaa yake.

"Karani, umemweka mama yangu na mama yako kwenye pete moja?"

Mahmudu akatoa leso, ile leso ya karafuu, akajifuta.

"Mama angefurahi," alisema. "Hakuwahi kuivaa ile hereni, shemeji. Alikuwa anasema, siku nikiwa na mkwe, ataivaa yeye."

Ningefanya nini? Niambieni nyinyi mnaosoma mmekaa vizuri. Somoe amelikumbatia daftari langu kifuani. Mjomba amekohoa. Mama mkwe kwenye kona anatazama sakafu.

"Haya, mwanangu," mjomba aliniambia kwa upole, "tuonyeshe na hilo jiwe, tukawapelekee habari wenzetu."

"Nimelifungia, Mzee," nilisema. "Fundi halionyeshi jiwe kazi ikiwa katikati. Jumamosi mtaliona likiwa ndani ya pete."

"Lakini lipo?" Mahmudu aliuliza, akicheka na machozi.

"Lipo."

"Zima?"

Nikamtazama machoni. Mungu anisamehe, nilimtazama machoni.

"Zima, shemeji."

Akashusha pumzi. Mjomba akainua fimbo ili wasimame. Ndipo nikasikia kitu kinakwaruza chini ya benchi, na Isabela akatoka kwa magoti, kijiko amekishika kwa mikono miwili ili kisimwagike, akaenda moja kwa moja hadi miguuni pa Bwana Mahmudu, akakiinua.

"Jiwe limevunjika," akasema.